Mipini ya patasi kwa miti ya Australia iliyoota Tanga na Lushoto: shajara ya mradi

13 Januari 2024: Patasi na miti

Patasi sita zinahitaji mipini mipya. Nne ni za msuka, yaani zina ncha ya chuma inayozama ndani ya mpini: upana wa mm 6, 12, 19 na 25. Mbili ni juba za kuchimbia matundu ya kuungia mbao, mm 10 na mm 12. Hizi hazina msuka. Zina kikombe cha koni, na mpini ndio unaoingia ndani ya chuma. Lengo ni mipini minane, miwili iwe ya akiba.

Miti ni minne, yote asili yake Australia, na yote imeota huku kwa miongo mingi: mvinje wa ufukweni, mkaratusi ule ambao majani yake yananuka limau, mwati, na mgrevilea. Mpingo na mninga vingetoa mipini bora, lakini ni makosa kukata kiini cha miti hiyo kwa ajili ya kitu cha sentimita 14 wakati mkaratusi na mwati vinaishia jikoni kama kuni kila siku. Huko kwao, ndugu wa karibu wa mkaratusi huu ametumika sana kwa mipini ya shoka na nyundo, kwa hiyo si jaribio la kubahatisha.

20 Januari: Ununuzi

Mvinje: gogo la kipenyo cha sm 22, la mti ulioangushwa na upepo. Shilingi 20,000 pamoja na kusafirisha. Mkaratusi: kipande cha mita 1.5, sm 20, shilingi 12,000. Mwati kutoka Lushoto, vipande viwili vya sm 60, shilingi 6,000. Mgrevilea, masalia ya kiwanda cha mbao, shilingi 3,000.

Tulikataa vipande vya nguzo za umeme ambavyo vingepatikana karibu bure. Nguzo hizo ni mkaratusi kweli, lakini zimetiwa dawa. Rangi ya kijani iliyofifia kwenye nyuzi za nje ni dalili ya dawa yenye shaba na aseniki, na ukizikereza vumbi lake linaingia mapafuni. Hata jikoni usivichome vipande hivyo.

17 Februari: Mvinje wapasuka

Tulikata mvinje kwa msumeno kuwa magogo mafupi ya sm 22, tukayapasua nusu kwa nusu, tukapata vipande 12. Tuliviacha barazani, na jua la mchana likivipiga kwa saa tatu hivi. Baada ya wiki nne, vipande 9 vina nyufa zilizoanzia katikati ya mti hadi nje. Nyingine zinapitisha kadi ya simu.

Makosa ni matatu, na yote yalijulikana kabla. Kwanza, moyo wa mti ulibaki ndani ya kipande. Mti husinyaa zaidi kwa kufuata mzunguko wa pete zake kuliko kwa kuelekea moyoni, hivyo kipande chenye moyo hakina njia ya kusinyaa isipokuwa kupasuka. Pili, ncha zilikuwa wazi. Maji hutoka haraka sana kwenye ncha kuliko ubavuni, ncha zinasinyaa huku katikati bado kumejaa maji, na ufa unaanzia hapo. Tatu ni jua lenyewe.

Marekebisho: gogo lililobaki, pamoja na mkaratusi na mwati, tumelipasua robo robo kwa shoka na kabari. Msumeno tumeuweka kando. Kabari hufuata nyuzi za mti. Kipande kikitoka kimejipinda, nyuzi zake zimejipinda, na ni heri kulijua sasa kuliko siku mpini unapokatikia mkononi. Mkaratusi ulitoa vipande vinne vilivyojipinda kama kamba, vimekwenda kwenye kuni. Sm 3 za kuzunguka moyo tumezitupa. Ule mti mweupe wa nje ya mkaratusi nao tumeuondoa wote, kwa sababu bungua wa unga huupenda huo na kiini hawakigusi.

Vipande vilivyobaki tumevichonga kuwa mm 45 × 45 × 200. Ncha zote zimechovywa mara mbili kwenye nta ya mishumaa iliyoyeyushwa (mishumaa ya shilingi 3,000 ilitosha), na vimepangwa ndani ya chumba chenye upepo, vijiti vikitenganisha safu. Hesabu ya leo: mvinje 10, mkaratusi 10, mwati 6, mgrevilea 4.

Kupima maji: tulikata kipande kifupi katikati ya mvinje mmoja. Kibichi kilikuwa gramu 118. Baada ya kukaa kwenye oveni ya nyuzi 103 hadi uzito ukome kushuka, gramu 79. Tofauti ni 39, ukigawa kwa 79 unapata asilimia 49. Vipande vingine vimeandikwa uzito kwa penseli ubavuni na vitapimwa kila Jumamosi.

27 Aprili: Masika

Uzito ulishuka vizuri hadi mwishoni mwa Machi. Mvua za masika zilipoanza ukasimama, na vipande viwili vya mgrevilea vimeongezeka gramu 4 kila kimoja. Hakuna cha kurekebisha hapa, ni kungoja tu. Ufa mpya ni mmoja, kwenye mvinje, mahali ambapo nta ilibanduka.

22 Juni: Mkerezo wa kwanza

Maji kwa hesabu ya uzito: mgrevilea asilimia 16, mwati 19, mkaratusi 21, mvinje 22. Kwa Tanga, mti uliokaa ndani ya nyumba hutulia karibu na 15. Tulijua bado, lakini tukaanza na mmoja wa kila aina ili kupata vipimo. Uamuzi huo umetugharimu, kama inavyoonekana chini.

Pembe nne hupunguzwa kwa randa hadi kipande kiwe na pande nane, ndipo kipande kinafungwa kwenye mashine ya kukereza. Ukianza na pembe nne kwenye mvinje, bobari (patasi ya mfereji ya kukerezea) inarushwa na vijipande vinamegeka virefu. Mizunguko 1,000 kwa dakika hadi kiwe duara, kisha 1,800 kwa umbo la mwisho. Bobari ilihitaji kunolewa mara nyingi zaidi kwenye mvinje. Kwenye mkaratusi makali yalidumu zaidi kidogo, kwenye mwati zaidi tena. Ukiona vumbi linatoka badala ya unyoya mrefu, makali yamekwisha. Usiongeze nguvu, nenda kwenye kinoo.

Umbo tulilofuata: urefu mm 140, tumbo mm 32 kwenye theluthi ya nyuma, shingo mm 25, na kwenye mdomo kiungo cha mm 20 kwa urefu wa mm 15 cha kuvalisha noleo. Noleo ni pete inayobana mdomo wa mpini usipasuke msuka unapozama. Tumeikata kutoka bomba la shaba la mm 22, ambalo kipenyo chake cha ndani ni mm 20 na kidogo.

Tahadhari kuhusu mgrevilea: vumbi lake huwasha ngozi ya baadhi ya watu, na siku ya pili vipele vilitokea mikononi. Mikono mirefu, barakoa, na kunawa kwa sabuni mara baada ya kazi.

29 Juni: Tundu la msuka, makosa mawili

Hapa ndipo palipoharibika mipini mitatu, kwa hiyo tunaeleza taratibu.

Kosa la kwanza ni mpangilio wa kazi. Tulikereza mpini mzima kisha tukatoboa kwa drili ya mkono, mpini ukiwa kwenye jiriwa. Tundu lilianza katikati na kuishia mm 3 kando. Patasi ikafungwa ikitazama pembeni, kasoro unayoihisi kila unapoisukuma. Marekebisho: toboa kwanza, kereza baadaye. Kipande cha pande nane kinatobolewa, kisha ncha ya koni ya mashine inaingia ndani ya tundu lenyewe. Umbo lote linazunguka tundu, na hata tundu likiwa limekwenda kombo ndani ya mti, mpini unatoka ukilifuata.

Kosa la pili ni upana wa tundu. Msuka wa patasi ya mm 25 una urefu wa mm 70, ni wa pande nne na umechongoka: mm 9 karibu na bega, mm 6.5 katikati, mm 4 karibu na ncha. Kwa mbao laini desturi ni kutoboa sawa na upana wa ubapa wa msuka, mm 9, na pembe za msuka zinajichimbia nafasi. Tulifanya hivyo kwenye mkaratusi, ukapasuka kwa pigo la nne. Tukarudia kwenye mvinje, ukapasuka kwa la pili.

Sababu ni hesabu ndogo. Msuka wa mm 9 ukipimwa pembe hadi pembe ni mm 12.7. Ndani ya tundu la mm 9, kila pembe inataka kuzama karibu mm 2. Mgrevilea unakubali, kwani nyuzi zake zinabonyea. Mkaratusi na mvinje hazina mahali pa kubonyea, nguvu yote inakuwa kabari.

Vipimo vilivyofaa kwa msuka huo kwenye miti migumu: mm 4.5 kwa kina cha mm 70, kisha mm 7 kwa kina cha mm 45, kisha mm 10 kwa kina cha mm 20. Kanuni tuliyoandika ukutani: pima ubapa, pima pembe hadi pembe, na tundu liwe ubapa pamoja na robo ya tofauti ya vipimo hivyo viwili. Kwa mwati unaweza kupunguza nusu milimita kwenye tundu la mdomoni. Vua biti mara kwa mara kutoa unga. Kwenye mvinje, biti ikikaa sekunde kumi bila kuvuliwa inaanza kutoa moshi, na tundu lililoungua huwa na ukuta laini usioshika.

Tulijaribu pia njia ya zamani ya kupasha msuka moto na kuuzamisha ukiwa mwekundu, ubapa wa patasi ukiwa umefungwa kitambaa kilicholowa ili makali yasilegee. Unazama kwa urahisi na kukaa sawasawa. Lakini unaacha tabaka la mkaa, na baada ya siku tano za kazi mkaa umesagika na mpini unacheza. Tuliutoa, tukakwangua mkaa wote kwa tupa ya duara, tukatia epoksi iliyochanganywa na unga wa mti, ukashika. Epoksi iwe robo ya tundu tu. Tulipojaza zaidi, msuka ulifanya kazi ya pistoni, epoksi ikakosa pa kutokea, na mwati mmoja ukatoa ufa mwembamba kama unywele.

Kuzamisha kwa mwisho: shika mpini mkononi, patasi ikining'inia hewani chini yake, gonga tako la mpini kwa nyundo ya mti. Uzito wa chuma unabaki nyuma, mpini unashuka juu ya msuka. Usigonge patasi ikiwa imesimamishwa juu ya benchi. Acha mm 6 kati ya bega na noleo kabla ya kuanza kugonga. Zikiisha kwa mapigo matatu tundu ni pana mno, na zisipoisha kwa kumi na tano, toa upanue.

13 Julai: Noleo zalegea

Noleo nne za tarehe 22 Juni ziliingia kwa kubana. Leo tatu zinazunguka kwa kidole. Ule mmoja wa mgrevilea ndio uliobaki imara, nao ndio uliokuwa mkavu. Mvinje wa asilimia 22 umesinyaa ndani ya pete, na shaba haisinyai nao.

Epoksi ingezishika kwa muda, lakini mti ungeendelea kusinyaa nyuma yake. Tumechagua kukausha upya. Vipande vyote vilivyobaki vimekerezwa kwa unene wa ziada, mm 38, na kutobolewa tundu la mm 6 tu kwa kina cha mm 70. Tundu hilo linasaidia sana, kwa kuwa maji sasa yana ukuta wa mm 16 tu wa kuvuka, na hewa kavu inaufikia kutoka pande zote mbili.

Kisha sanduku la taa: plaiwudi ya masalia, sm 60 × 40 × 40, taa moja ya zamani ya waya ya wati 60 chini, matundu mawili ya mm 25 upande wa chini na mawili juu upande wa pili. Taa za LED hazifai, hazitoi joto la kutosha. Joto ndani lilikaa kati ya nyuzi 40 na 45. Mipini isimamishwe angalau sm 20 kutoka kwenye taa, juu ya wavu. Siku mbili za kwanza tuliziba nusu ya matundu ili unyevu ubaki na mti usishtuke.

3 Agosti: Baada ya wiki tatu za taa

Mvinje asilimia 13, mkaratusi 12, mwati 12. Umeme: wati 60 kwa saa 24 kwa siku 21 ni uniti 30, shilingi 10,800. Mvinje mmoja umepasuka. Duara zote zimekuwa yai kidogo, tofauti ya hadi mm 0.8 kati ya upana na wima, na hiyo ndiyo sababu ya kuacha unene wa ziada.

Mkerezo wa mwisho umefanyika siku hiyo hiyo ya kutoka sandukuni. Kiungo cha noleo kimekerezwa mm 0.2 zaidi ya tundu la pete, ukingo wake ukalazwa kidogo, na pete ikasukumwa kwa jiriwa, si kwa nyundo. Sasa hewa ya Tanga inafanya kazi kwa faida yetu: mti mkavu unavuta unyevu kidogo, unavimba, na pete inakazwa kutoka ndani.

10 Agosti: Juba

Mipini ya juba imekerezwa kutoka mkaratusi. Ugumu ni kupata koni inayolingana na kikombe cha chuma. Paka masizi ndani ya kikombe, ingiza mti, zungusha kidogo, toa. Panapoonekana peusi ndipo panapogusa. Punguza hapo kwa msasa namba 120, rudia. Wa kwanza ulihitaji mizunguko tisa, wa pili mitano.

Kosa: kwenye juba ya mm 10 bega la mti lilikaa moja kwa moja juu ya ukingo wa kikombe. Ilipopigwa, ukingo ulimega bega, na koni haikukazika kwa sababu bega lilikuwa limeshaizuia. Ikadondoka kutoka mpini siku ya pili. Tumekereza upya tukiacha nafasi ya mm 3 kati ya bega na ukingo. Kila pigo sasa linaikaza.

Kwenye tako tumevalisha pete ya chuma kutoka bomba la maji la inchi 1, shilingi 4,000, yenye upana wa ndani wa mm 27. Mti unatokeza mm 3 juu ya pete, kisha unapondwa kwa nyundo mpaka nyuzi zilale juu ya ukingo. Bomba hilo limepakwa zinki, kwa hiyo usiipashe pete moto ili ipanuke kwani moshi wa zinki ni sumu. Ipanue kwa tupa.

24 Agosti: Mafuta

Msasa 120, 180, 240, mashine ikizunguka, kisha 240 kwa mkono kufuata nyuzi. Tulilowesha mwati kwa maji ili kuinua nyuzi kabla ya msasa wa mwisho, na asubuhi ukawa na madoa ya bluu-nyeusi kuzunguka msuka. Mwati una tanini nyingi, ndiyo maana maganda yake hutumika kusindikia ngozi za wanyama, na tanini ikikutana na chuma na maji inatoa wino. Maji ya ndimu yalipunguza madoa, hayakuyamaliza. Kwa mwati na mkaratusi usitumie maji wala pamba ya chuma. Msuka upakwe nta kabla ya kuingia.

Mafuta ya kitani na tapentaini nusu kwa nusu, mkono mmoja. Futa yaliyobaki juu baada ya dakika 20. Siku nne baadaye mafuta matupu, futa tena, kisha nta ya nyuki. Vanishi hatukutumia, inateleza kiganja kikipata jasho. Matambara yenye mafuta ya kitani yanikwe nje moja moja au yazamishwe ndani ya maji. Yakikunjwa na kuachwa pembeni hupata joto yenyewe hadi kuwaka.

Mpini wa duara kamili unabiringika kutoka benchini, na patasi huangukia makali. Tumepitisha randa upande mmoja, ubapa wa mm 8, sambamba na mgongo wa patasi.

28 Septemba: Baada ya wiki tano za kazi

Mipini minane iko kazini. Jaribio: mapigo 300 kwa nyundo ya mti ya gramu 700, patasi ikichimba mninga.

Mkaratusi: juba mbili na patasi ya mm 25, hakuna ufa, hakuna pete iliyocheza. Kwa patasi ya kupigwa ndio chaguo letu la kwanza. Mwati: patasi za mm 12 na 19 na mmoja wa akiba. Tako limebonyea nusu milimita, limetulia hapo. Ni mwepesi kidogo kuliko mkaratusi na unakaa vizuri mkononi siku nzima. Mvinje: mmoja tu umefika mwisho kati ya vipande vyote, patasi ya mm 6. Ni mgumu na mzuri kwa macho, miale yake, yaani mistari inayotoka moyoni kwenda nje, inang'aa, lakini hupasuka kwa kufuata miale hiyo hiyo. Tunautumia pasipo nyundo. Mgrevilea: mmoja wa akiba, tako limechanua kama uyoga baada ya mapigo 60, tukasimamisha jaribio. Unafaa kwa mpini wa tupa au patasi ya kusukuma kwa mkono.

Gharama: magogo 41,000, shaba sm 50, 14,000, bomba la chuma 4,000, epoksi 8,000, msasa karatasi nane 8,000, mafuta ya kitani nusu lita 9,000, nta ya nyuki 6,000, tapentaini 5,000, mishumaa 3,000, umeme 10,800. Jumla shilingi 108,800, sawa na 13,600 kwa kila mpini.

Vimebaki vipande viwili vya mkaratusi vilivyokauka, na gogo jipya la mwati limepasuliwa jana na kutiwa nta. Hilo litaingia kwenye sanduku la taa Desemba, likiwa limeshakerezwa mm 38 na kutobolewa.